Jirani Aliyekagua Panya

Jirani yangu alikuwa hamwamini panya yeyote mpaka amnuse mdomo. Asubuhi ungemkuta uani kwake, pale Tinde, amechuchumaa mbele ya mtego wa waya, kavaa glavu moja ya ngozi aliyopewa na fundi wa mageti. Anamshika panya shingoni, anamgeuza tumbo juu. Anaangalia meno. Anabonyeza tumbo. Anatazama manyoya ya chini ya mkia kama yamelowana. Halafu anapeleka pua. "Huyu sawa," anasema, au, "Huyu hapana, katoka ghalani kwa watu," na yule wa ghalani anapigwa fimbo na kufukiwa, hatupiwi hata paka. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilikimbilia chooni kutapika, sisemi uongo.

Alikuwa mlezi wa nyoka wa kikundi cha bayeye, wale Wasukuma wanaocheza ngoma na nyoka. Wengine walikuwa na kazi ya kuimba, wengine ya kucheza, na manju wao alitunga nyimbo za kuwakejeli wapinzani. Yeye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba siku ya ngoma, baada ya mavuno, kuna nyoka wa kutoa sandukuni, tena nyoka mwenye afya. Mimi ni mtu wa Chato, niliolewa huku, nikaanza kufuga kuku wa kisasa ubavuni mwa nyumba yake kabisa. Tuliishi hivyo miaka mingi, yeye na nyoka wake, mimi na kuku wangu, katikati yetu ua wa minyaa.

Nasimulia habari zake kwa sababu nilimdanganya. Uongo wenyewe nitausema humu humu, sitaki mtu afike mwisho akidhani anamsikiliza jirani mwema.

Basi, kuhusu chakula. Mtu huyu angeweza kukaa kutwa nzima akieleza nini anakula nani. Swila anataka chura, na si chura yeyote, chura wa kwenye majaluba ya mpunga kabla watu hawajapuliza dawa. Kifutu anataka panya wa shambani, mdogo, anayetembea, kwa sababu kifutu ni mvivu, anangoja chakula kipite mbele yake. Nyoka wa mayai hataki kingine isipokuwa mayai, tena ya ndege wadogo. Kwa ajili ya huyo alikuwa akija kwangu kuniuliza kama kuna mtetea aliyeanza kutaga vile vijiyai vya kwanza. Na chatu, yule chatu jike aliyekuwa roho ya kikundi kizima, alikula panya buku. Panya buku ni yule mkubwa wa porini, karibu sawa na paka, mwenye vifuko ndani ya mashavu anamojaza chakula cha kupeleka shimoni kwake.

"Mungu alishampangia," alikuwa akiniambia. "Mimi kazi yangu ni kukumbuka alivyopanga."

Alikuwa na kipimo: mnyama asizidi unene wa nyoka mwenyewe pale katikati. Akishakula haguswi wiki nzima. Macho yakiwa meupe, yaani anataka kujivua gamba, hapewi kitu. Watu wa mjini walikuja na simu zao kupiga picha, wengine wakaleta pakiti za maziwa kwa sababu wamesikia nyoka anapenda maziwa. Aliyapokea vizuri, akashukuru, "Wabeja, wabeja sana," halafu wakiondoka anampa mkewe atilie chai.

"Kwa nini huwaambii ukweli?" nilimuuliza.

"Nyoka hana ziwa. Mama yake hakumnyonyesha. Mtu mzima asiyejua hilo nianzie wapi kumfundisha?"

Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi. Walikuwa wanakula michembe miezi mitatu mfululizo, mihogo ikiisha, na yule mama anapaza sauti makusudi nisikie ng'ambo ya ua: "Nyumba hii wanaotambaa wanakula nyama, wanaotembea kwa miguu wanatafuna viazi vikavu!" Mzee alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Kisha kesho yake utamwona anakwenda gulioni, anarudi na kichwa cha mbuzi, anakiweka mlangoni. Lakini panya wa chatu hakupungua hata mmoja.

Na mtu huyo huyo aliyemshika swila kwa mkono mtupu alikuwa anamwogopa jogoo wangu. Haki vile! Nilikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mkorofi, akiruka ua tu mzee anaingia ndani na kufunga mlango. "Mama Neema, njoo umchukue mnyama wako!" Nyoka, alisema, anakuonya kabla hajakuuma, jogoo hana adabu hiyo. Alisali pia, kila Jumapili, benchi la nyuma, na katekista alimsema sana kuhusu dawa za kuchanjia ambazo bayeye wanapakana ili sumu isiwashinde. Alimsikiliza, akaitikia amina. Jumatatu alikuwa anasaga mizizi yake kama kawaida. Nyoka hakuwapa majina, alisema ukimpa jina utamwonea huruma na ukimwonea huruma utamlisha ovyo. Ila nilikuwa namsikia asubuhi akiongea na chatu kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemwamsha binti yake.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu. Alitaka nyoka wale waishi mpaka apatikane mtu wa kuwapokea. Vijana wa kikundi walikuwa wamekwenda machimbo, mmoja Kahama upande wa Buzwagi, wengine Geita, na kila aliyeondoka alisema anarudi wakati wa ngoma. Hawakurudi. Waliobaki walikuwa watu wa umri wake, wenye magoti mabovu. "Nyoka wakiwepo, mtu atatokea," alisema. "Wasipokuwepo, hata akitokea nimfundishe nini, hadithi?" Na kweli, siku ya ngoma niliona mwenyewe. Vikundi viwili uwanja mmoja, watu katikati wanahama kwenda kule kunakovutia zaidi. Wapinzani wana spika, wana vijana. Halafu jirani yangu anafungua sanduku, chatu anatoka akimetameta kama aliyepakwa mafuta, anamwinua mabegani, na uwanja mzima unahamia upande wetu, watoto wanapiga mayowe. Nilikuwa nalia kwa furaha, mimi ambaye si Msukuma.

Kila mwanzo wa kiangazi alipita nyumba kwa nyumba na ombi moja. Hodi, anakaribishwa, anakataa kiti. "Jirani, naomba mwaka huu tena usiweke sumu. Panya wako nitawatega mimi mwenyewe, bure." Na alitega kweli. Mtaa wetu haukuwa na panya wengi, na ni kwa sababu yake. Kwangu alikuwa anafika mwisho. "Wewe sikuulizi," anasema, "wewe napita tu kukusalimia."

Mwaka ule mimi niliweka.

Hakuna cha kunitetea. Alikuwa amesafiri siku nne kwa mambo ya kikundi, mitego yake haikuwa na mtu wa kuitega, na asubuhi moja nikakuta vifaranga wangu wametafunwa miguu, wengine wako hai wanajiburuta. Nilipandwa na hasira, nikasema leo liwalo na liwe. Stoo kulikuwa na dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu shambani, aliyoibakiza mume wangu. Nilichukua kisoda kimoja, nikakoroga kwenye chakula cha kuku, nikamwaga kidogo nyuma ya banda, upande wa ua. Huku kwetu wengi wanafanya hivyo, wala si jambo la ajabu. Nilijiambia mzee atarudi nitakuwa nimeshafagia. Akarudi mapema, jioni ile ile, akatega. Mimi nikalala.

Asubuhi aliniita uani. Ameshika panya buku, mkubwa, anafurukuta, anataka kumng'ata hata kupitia glavu. Mzee alikuwa amefurahi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Neema. Mhola?"

"Mhola."

"Tazama mwizi wako." Akambonyeza shavu, chembe za chakula cha kuku zikatoka, zikamwagikia kidoleni mwake. Kwa kawaida alikuwa anayakamua mashavu ya panya buku mpaka yabaki tupu, kwa sababu huwezi kujua kakusanya nini na wapi. Siku ile alizitazama zile chembe, akacheka. "Katoka kwako. Basi huyu sina haja ya kumkamua, chakula chako nakijua."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno moja tu lingetosha. Hata "subiri" lingetosha. Nikafikiri: aibu hii nitaiweka wapi, mtu amenisifia sasa hivi? Nikafikiri pia, chatu mkubwa vile, kisoda kimoja kitamfanya nini? Panya mwenyewe si mzima, si anaruka? Nikasema, "Haya baba," nikaenda kuwapa kuku maji.

Chatu alimkaba yule panya, akammeza. Kesho yake alikuwa anajinyonganyonga bila mpango, mdomo wazi. Kesho kutwa akafa. Mzee alimpasua mwenyewe kutafuta sababu, akaangalia tumbo, ini, kila kitu, na panya alikuwa ameshaanza kuyeyuka, hakikubaki cha kunusa. Mkewe alikaa kizingitini mpaka jioni.

Alipita nyumba zote. Kwangu alifika mwisho, na safari hii aliuliza.

"Mama Neema, samahani. Hukuweka kitu?"

"Haki ya Mungu, baba. Sijaweka."

"Nilijua," akasema. "Nimekuuliza tu ili nisiwe nimewauliza wengine nikakuacha wewe."

Baada ya pale alibadilika, na mimi mjinga nilidhani ni uchungu tu. Aliifungua mitego yote, akamrudishia fundi wa mageti glavu yake. Akaniambia panya wa siku hizi hawafai. Udongo umeharibika, maji yameharibika, mvua yenyewe haieleweki, panya anaonekana mzima nje na ndani ameoza. "Nilikagua kila kitu," alisema, "na bado alikufa. Maana yake hakuna kitu ninachokijua." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Akaanza kununua kwangu kuku wa kisasa, anawakata vipande. Kifutu hakugusa. Akavichovya kwenye damu, akavifunga uzi akavivuta mbele ya kifutu ili vionekane vinatembea, mtu mzima kapiga magoti anavuta firigisi kwa uzi. Kifutu wa kwanza alikaa karibu mwaka mzima bila kula akafa. Wa pili alilishwa kwa kulazimishwa, kwa kijiti, akafa haraka zaidi. Swila mmoja aliyezoea panya kuliko chura akamfuata. Wale wa vyura aliwarudisha porini mwenyewe, alisema huko angalau watakufa bila kusukumwa na mtu.

Mimi nilikuwa namuuzia wale kuku. Nilimpunguzia bei, nikaona nimetubu.

Ngoma iliyofuata kikundi kilikwenda na nyoka wa mayai, mwembamba kama kamba ya kiatu. Watu walicheka. Walihama wote, uwanja wetu ukabaki na mzee, manju, na mwanamke mmoja aliyekuwa anauza karanga. Mwaka wa baadaye hawakwenda. Mkewe alipofariki, binti yake aliyekuwa anapikia wachimbaji Katoro alikuja kumchukua mzee, na nyumba ile sasa kuna watu wengine, wana mbwa.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu. Nilikuwa natoka msibani Chato, basi likafika Katoro, nikashuka. Nilishuka makusudi. Nilikuwa nimechoka kuamka na jambo hilo kila asubuhi nikienda bandani.

Nilimkuta nyuma ya kibanda cha binti yake, kwenye stuli, amepungua mno. Mbele yake palikuwa na beseni kubwa la plastiki limefunikwa wavu. Akanijua kwa sauti kabla hajaniona vizuri.

"Mama Neema! Umekuja wakati wake. Wewe mtu wa kuku, hebu nishauri."

Ndani ya beseni kulikuwa na chatu mdogo, urefu wa kama mkono wangu. Wachimbaji walimkuta kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, lililoachwa, na badala ya kumuua wakakumbuka kuna mzee wa nyoka. Mmoja wao, kijana wa Kisukuma, alikuwa anakuja kila Jumapili kumtazama na kuuliza maswali. Mzee alinisimulia hilo akiwa ameshika goti langu. Mtu alikuwa ametokea! Lakini chatu hataki kula. Alishampa utumbo, miguu ya kuku iliyopashwa moto, nyama ya kusaga. Miezi mitano sasa. Ngozi ilikuwa imejikunja ubavuni na uti wa mgongo umesimama.

"Hujampa panya?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Panya!" akatikisa kichwa. "Wewe si ulikuwepo? Uliona yaliyonipata."

Nikamwambia. Nilisema yote bila kupumzika, vifaranga, kisoda, dawa ya pamba, panya mkononi mwake, kiapo changu. Binti yake alisimama na mwiko mlangoni.

Mzee akauliza kitu kimoja.

"Sumu ilikuwa mashavuni?"

"Mashavuni, baba."

"Kwa hiyo panya mwenyewe alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitikisika. Vifutu wawili. Swila. Akafika kidole cha nne, akatazama beseni.

"Niliwanyima chakula chao," alisema. "Walikuwa wananitazama, mimi nawavutia firigisi."

"Nisamehe, baba. Nilikosa mimi."

"Ungeniambia asubuhi ile ningekufokea. Tungenuniana mwezi mzima. Halafu yangeisha." Hakusema kwa ukali, na ningependa angekuwa mkali. "Nenda pale kwa muuza mahindi. Ana mtego. Niletee mmoja."

Nilikwenda karibu nakimbia. Kwenye duka la mahindi kulikuwa na dada mmoja anapepeta. Mtegoni mlikuwa na panya wawili.

"Mnaweka sumu hapa?"

"Hatuweki, mama."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nilimtazama usoni yule dada, sikuona chochote. Hata mimi nilikuwa na uso kama ule. Nikamchagua mdogo, nikarudi naye.

Mzee hakuwa na glavu. Alimshika kwa mikono mitupu, panya akamuuma kidole, damu ikatoka, hakujali. Akatazama meno, tumbo, mkia. Akamfungua mdomo kwa ukucha. Akanusa. Akanusa tena. Akanyanyua wavu na kumwachia ndani ya beseni.

Panya alizunguka mbio pembeni, akateleza, akazunguka tena. Kisha akatulia. Chatu alitoa ulimi mara moja. Tulisubiri. Wateja wa mchana walianza kufika kwa binti, tukasikia sahani. Panya akapanda juu ya mgongo wa chatu, akakaa pale, akaanza kujisafisha masharubu. Chatu hakuinua kichwa.

"Labda kesho," nilisema. "Labda akizoea."

Panya alimaliza kujisafisha, akanusanusa ile ngozi karibu na mkia, akafungua mdomo atafune. Mzee akatia mkono, akamtoa, akamkumbatia kifuani asimponyoke.

"Panya ni mzuri huyu," alisema. "Panya hana kosa lolote."